Nilivyochagua utando wa kupuliza kwa bodi la pikapu yangu

Mwezi Julai mwaka jana tulifungua boliti nane zilizoshikilia beseni la plastiki ndani ya bodi la pikapu yangu, vijana wawili wakalinyanyua kila mmoja upande wake, na kilichokuwa chini yake kilinifanya nikae kimya kwa muda. Kulikuwa na tope jeusi lililokuwa bado bichi ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa zaidi ya wiki mbili, mabonge ya saruji iliyoganda, mbegu za machungwa, na chini ya uchafu huo wote kutu iliyovimba na kutoboka matundu matundu kama mkate wa kumimina. Kijana mmoja alichukua bisibisi akaigusisha kwenye kona ya mbele, karibu na kabini, bila kutumia nguvu yoyote, nayo ikapita moja kwa moja. Tuliinama tukaona mwanga wa jua kwenye sakafu ya gereji.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya kabini moja, na kazi yake ni ya duka. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, kwa hiyo siku za kawaida gari hubeba saruji kutoka Pongwe, nondo, bati, chokaa na misumari, na msimu wa machungwa ukifika hupanda Muheza mara mbili au tatu kwa wiki. Mara mojamoja ndugu huomba lifti ya matenga ya samaki, na maji ya chumvi yanayotiririka kwenye matenga hayo ni adui ambaye sikumhesabu mapema. Ongeza upepo wa bahari ambao hapa kwetu hula hata kufuli za milango, na utaelewa kwa nini swali la nini cha kukinga sakafu ya bodi lilinichukua karibu miezi miwili kulijibu.

Nianze na beseni la plastiki, kwa sababu wengi hununua gari likiwa nalo tayari na huliona kama ulinzi, kama nilivyoliona mimi. Plastiki hiyo ni ngumu, haichubuki ovyo, na mzigo huteleza juu yake vizuri unapopakua. Ubaya wake ni kwamba haijashikamana na chuma. Imekaa juu tu. Maji na mchanga hupenya kwenye kingo na kwenye matundu ya boliti, kisha havitoki, na gari linapotikisika barabarani ule mchanga hufanya kazi ya msasa kati ya plastiki na rangi. Rangi ikishaisha, chuma kinabaki na unyevu usiokauka, tena wenye chumvi, nawe hujui lolote kwa sababu juu unaona plastiki nyeusi inayong'aa. Beseni langu lilikuwa zima kabisa siku tulipolitoa, bila ufa hata mmoja.

Kuna hatari nyingine ya plastiki ambayo madereva wetu wengi hawaijui, na ningependa isisubiri mwisho wa maelezo haya. Dumu la petroli likijazwa likiwa limewekwa juu ya plastiki ndani ya bodi, umeme tuli unaozalishwa na mafuta yanapotiririka hauna njia ya kwenda ardhini, hujikusanya, na cheche moja kati ya mdomo wa pampu na dumu inatosha kuwasha mvuke. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, ilitoa onyo kuhusu moto wa namna hiyo mwaka 1998. Utando wa kupuliza, yaani kinga inayopulizwa kama rangi na kushikamana na chuma chenyewe, nao haupitishi umeme, kwa hiyo kubadili kutoka beseni kwenda utando hakuondoi tatizo: dumu lishushwe chini, lijazwe likiwa ardhini, ndipo lipakiwe.

Nilifikiria pia mkeka wa raba peke yake, ambao ni rahisi, haumkwaruzi mtu magoti na huzuia mzigo kuhamahama. Ungenitosha kama bodi lingekuwa zima na kama ningekuwa na nidhamu ya kuunyanyua kila Jumamosi na kuosha chini yake, nidhamu ambayo najijua sina. Mtu mmoja alinishauri nitandike bati nene la alumini lenye vipele. Hilo nililikataa haraka, kwa kuwa alumini ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi huanza kuliwa kama ndani ya betri, na sikuwa na haja ya kuongeza kitoweo kingine kwenye meza ile.

Ikabaki kupuliza. Nilikuwa nimeona magari ya miradi na ya mashirika yenye utando mweusi wenye chembechembe uliong'ang'ania chuma kama ngozi, na nikajiambia hicho ndicho ninachokitaka. Nilichokuwa sikijui ni kwamba jina hilo moja hubeba vitu vitatu au vinne tofauti kabisa, na kwamba muuzaji hana haraka ya kukufafanulia.

Somo hilo nililipia. Baada ya kukata chuma kilichooza na kuchomelea kiraka, nilipeleka gari kwenye gereji moja iliyonitajia bei nzuri na kuniahidi kwamba utando wao ni sawasawa na ule wa magari ya mashirika. Asubuhi niliacha gari, alasiri nikalichukua likiwa jeusi tititi na linanukia barabara mpya. Harufu ile ingenitosha kuelewa. Wiki ya pili wateja walianza kulalamika kwamba mifuko ya saruji inafika ikiwa na doa jeusi chini, na ilipofika saa nane mchana, jua likiwa kali, kidole kilizama kwenye sakafu ya bodi na kuacha alama. Nilichopuliziwa kilikuwa rangi ya lami, ile inayopakwa chini ya gari kuzuia kutu na kelele za mawe. Kwa kazi yake ni nzuri sana. Lakini haijatengenezwa kukanyagwa wala kubebeshwa mzigo, na joto huilainisha siku zote. Ilituchukua siku mbili kuikwangua kwa vipande vya bati na matambara yaliyolowekwa petroli.

Kutokana na hasara hiyo nilipata kipimo ambacho sasa humpa kila anayeniuliza. Kabla ya kukubali kazi, mwombe fundi akuonyeshe kipande alichokwisha kupuliza na kikakauka, kisha sugua kwa kitambaa chenye petroli kwa nusu dakika. Kikiwa lami, kitambaa kitakuwa cheusi na uso utalainika. Utando wa kweli uliokwisha kukomaa hautaacha zaidi ya vumbi.

Utando wa kweli hutokana na vimiminika viwili vinavyokutana na kugeuka kuwa kitu kigumu chenye kunyumbulika, na havirudi tena kuwa maji hata uvichome jua vipi. Kimoja kina kemikali za jamii ya isosayaneti. Cha pili kikiwa na polioli, matokeo huitwa poliyurethani. Kikiwa na amini, huitwa poliyurea. Na bidhaa nyingi sokoni ni mchanganyiko wa hizo mbili kwa viwango mbalimbali. Tofauti inayomhusu mwenye pikapu iko kwenye kasi na kwenye mashine. Poliyurea huganda kwa sekunde chache, kiasi kwamba haiwezekani kuikoroga kwenye ndoo; inahitaji mtambo unaopasha moto vimiminika vyote viwili hadi zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, kuvisukuma kwa mgandamizo mkubwa mno, na kuvikutanisha ndani ya bunduki yenyewe vinapotoka. Kwa kuwa haina muda wa kuchuruzika, fundi anaweza kujenga unene wa milimita 2 au 3 kwa kikao kimoja, hata kwenye mbavu za bodi zilizosimama wima. Jina kubwa la Marekani kama LINE-X lilijengwa juu ya kazi ya aina hii, inayofanywa na vituo vyenye mitambo.

Upande wa pili kuna poliyurethani za chupa, ambazo hazihitaji mtambo wala moto. Inayopatikana kwa urahisi zaidi katika maduka ya rangi za magari niliyoyatembelea ni Raptor ya kampuni ya U-POL ya Uingereza. Boksi lake lina chupa 4 zenye mililita 750 za rangi kila moja, na lita 1 ya kimiminika cha kugumisha. Unamimina kigumishi ndani ya chupa mpaka ijae lita 1, yaani sehemu 3 kwa 1, unatikisa kwa dakika mbili, kisha unaifunga chupa ileile kwenye bunduki yake. Ukishachanganya una muda wa takriban saa moja, na joto la Tanga haliuongezi.

Jambo la rangi nalipitia kwa ufupi. Tando nyingi za bei ya kawaida ni za jamii inayopauka juani. Nyeusi inakuwa ya kijivujivu na kufanya unga mwembamba juu, ingawa nguvu yake haipungui sana kwa hilo. Zipo zisizopauka, nazo ni ghali zaidi. Kama gari ni la kazi, chagua nyeusi na usahau. Mwenye gari jeupe anayetaka bodi jeupe pia ajiandae kulipia aina isiyopauka, la sivyo atakuwa na bodi la rangi ya meno ya mvuta tumbaku.

Kinachostahili kukaliwa kitako ni unene, kwa sababu hapo ndipo maneno matamu huishia na hesabu huanza. Nilichukua futi, nikapima bodi langu: sakafu ina urefu wa mita 2.3 na upana wa mita 1.5, na nilipojumlisha mbavu, ukuta wa mbele, mlango wa nyuma na vile vituta viwili vinavyofunika magurudumu, nilipata kama mita 7 za mraba. Lita 1 ikitandazwa juu ya mita 1 ya mraba hutoa unene wa milimita 1. Kwa hiyo boksi moja la lita 4 kwenye bodi langu lote litatoa kama nusu milimita tu likiwa bado bichi, na likikauka litapungua zaidi, kwa kuwa sehemu ya kilichomo ni viyeyushi vinavyoruka hewani. Fundi anayekuahidi milimita 3 huku mezani kwake kuna boksi moja anakuhesabia ndoto. Kwa milimita 3 bodi kama langu linahitaji zaidi ya lita 20, na hizo ni lita za poliyurea ya moto isiyo na kiyeyushi.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonisukuma kusafiri hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 350, kumwona mtu mwenye mtambo wa moto. Sikujuta kwenda. Mtambo ulikuwa wa kweli, vipande vya mfano vilikuwa vya kweli, nilivikunja, nikavipiga nyundo, nikavisugua kwa petroli, vikanishinda. Bei ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya chupa. Nilikuwa tayari kulipa mpaka nilipouliza swali moja: mtafanya nini kabla ya kupuliza? Nikajibiwa kwamba nilete gari saa mbili asubuhi, litaoshwa, litapigwa msasa kidogo, na saa tisa nitaondoka nalo. Nikasema gari lilikuwa na kutu na bado lina masalia ya lami kwenye mishono. Jibu lilikuwa kwamba utando wao hufunika kila kitu.

Kufunika ndiko kulikonitia hofu. Beseni la plastiki nalo lilifunika kila kitu.

Niliporudi Tanga nilimwendea fundi wa rangi ambaye gereji yake ni uwanja wenye mwembe na kibanda cha mabati. Ni kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alinipa shikamoo, akazunguka gari mara mbili bila kusema neno, akapanda ndani ya bodi, akapiga magoti na kuanza kupitisha ukucha kwenye mishono.

"Mama, hii kazi ni siku nne," alisema, "na siku tatu hutaniona nimefungua chupa."

Nilimuuliza siku tatu za nini. Akaniambia kwamba chupa itafanya kazi yake yenyewe ikikuta chuma kiko tayari, na kisipokuwa tayari hata ukileta dawa ya kutoka mbinguni itabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Sikumpa jibu siku hiyo, lakini njiani nilikuwa nimeshaamua.

Siku ya kwanza alivua mlango wa nyuma, ndoano za kufungia kamba, taa na nyaya zake, na vizuizi vya mpira. Mafundi wengi huvizungushia tepu na kupuliza pembeni yake, nawe ukija kufungua boliti hizo baadaye unapasua utando na kufungulia maji njia. Kwenye kila tundu la boliti lililobaki alifunga boliti kuukuu iliyopakwa grisi ili nyuzi zisizibwe, na matundu ya kutolea maji aliyaziba kwa vijiti vya mbao ili ayazibue baadaye. Kisha akaosha kwa maji ya moto na sabuni, akafuta kwa thina, akaosha tena.

Siku ya pili ilikuwa ya grenda na brashi la waya. Kutu yote ilikwanguliwa hadi chuma kikawa cheupe, ikiwemo ya pembe ambazo gereji ya lami ilikuwa imezipita. Alipata tundu lingine dogo kwenye mshono wa kushoto, likachomelewa. Chuma kilichokuwa wazi kilipakwa praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, siku hiyohiyo, maana kwa upepo wetu chuma kilicho wazi huanza kubadilika rangi kabla ya magharibi. Juu ya mishono akapitisha gundi ya kuzibia mishono, kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepaka samli kwenye chapati.

Siku ya tatu alipiga msasa bodi lote, rangi ya zamani na praima mpya pamoja, mpaka pasibaki mahali panapong'aa. Nilidhani amemaliza, lakini alichota kopo la maji safi akayamwaga kwenye sakafu, akaniita nitazame. Sehemu kubwa ya maji ilitandaa kama shuka. Karibu na kona ya kulia yalijikusanya yakawa matone, kama maji juu ya jani la mgomba.

"Hapo pana mafuta," akasema.

Dereva wangu alikiri kwamba ana tabia ya kupulizia dawa ya kung'arisha matairi na kuifutia humo ndani ili bodi lipendeze. Dawa za namna hiyo huwa na silikoni, na silikoni haitoki kwa sabuni. Kona ile ilifutwa kwa thina mara tatu, kila mara kwa kitambaa kipya, ikapigwa msasa tena, ikamwagiwa maji tena, hadi maji yalipotandaa. Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa bodi kwa mkono mtupu. Kipimo hicho hakigharimu hata senti moja, nami nashauri mwenye gari akifanye mwenyewe mbele ya fundi yeyote, awe wa mtambo au wa chupa.

Nilikuwa nimenunua maboksi 2, kwa hiyo tulikuwa na lita 8. Tulikubaliana asizigawe sawasawa: sakafu, ambayo ndiyo inayokula kipigo, ipate matabaka manne, na mbavu zipate mawili. Kwa hesabu yangu sakafu ingepata zaidi ya milimita 1 ikiwa mbichi na mbavu zingepata kidogo zaidi ya nusu. Haifikii poliyurea ya moto hata kidogo, na sitaki kumdanganya mtu kwamba inafikia. Kwa ajili ya nondo nilipanga kutandika mkeka wa raba juu ya utando siku za nondo tu, kisha kuutoa.

Siku ya kupuliza alinikataza kuleta gari kabla ya saa nne asubuhi. Sababu ni umande. Isosayaneti ikikutana na maji hutoa hewa ya ukaa, ileile inayofanya mapovu kwenye soda, na mapovu hayo hubaki ndani ya utando kama matundu. Kanuni ya wapaka rangi ni kwamba chuma kiwe na joto la nyuzi 3 angalau juu ya kiwango ambacho unyevu wa hewani huanza kugeuka matone, na asubuhi ya pwani mara nyingi haitimizi hilo. Ndiyo maana vilevile sikumruhusu mtu aniharakishe kufanya kazi hii wakati wa masika. Wakati wa kusi hewa hukaa kavu zaidi. Kabla ya kuwasha bunduki alifungua kiziba kilicho chini ya tangi la kompresa, yakamwagika maji ya rangi ya chai, karibu kikombe kizima. Nilishangaa kwamba hayo yote yangepitia kwenye mpira na kutua juu ya kazi ya siku tatu. Baada ya hapo alifunga kichujio cha maji kwenye mpira, ambacho nilikinunua mimi kwa sababu chake kilikuwa kimepasuka.

Kwenye suala la afya nilikuwa mkali. Mvuke na matone ya isosayaneti yanaweza kuyafanya mapafu yachukie kemikali hiyo maisha yote, mtu akapata pumu ambayo hurudi hata kwa kiasi kidogo sana. Barakoa ya kitambaa haifai kitu. Watengenezaji hupendekeza kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Fundi wangu alikuwa na barakoa ya vichujio viwili, miwani, glavu na ovaroli, vitu ambavyo viko chini ya pendekezo hilo, basi tulichagua mahali pa wazi upepo ukiwa mgongoni kwake, na watoto wote wa mtaa wakafukuzwa hadi ng'ambo ya barabara. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza maandazi karibu hapo aliombwa ahamishe meza yake, akahama kwa manung'uniko, nikamnunulia maandazi yote.

Kuhusu ukwaru wa uso, fundi aliniuliza mapema kama nataka chembe kubwa au ndogo, kwani mgandamizo mdogo wa hewa hutoa matone makubwa na uso mkwaru, na mgandamizo mkubwa hutoa uso laini zaidi. Wengi hupenda ukwaru kwa sababu unapendeza na mzigo hautelezi. Mimi nilifikiria mifuko ya saruji. Mfuko wa karatasi wa kilo 50 ukiburutwa juu ya uso mkwaru hupasuka chini, na mpakuaji anayepiga magoti humo ndani kwa saa nzima ana haki ya kutuchukia. Nikachagua chembe ndogo. Anayebeba ng'ombe au mapipa ana sababu ya kuchagua kinyume changu.

Juu ya kingo za bodi sikutaka utando, kwa kuwa nafunga turubai na kamba husugua hapo; tepu ilipitishwa chini ya mdomo wa kingo na kuvutwa utando ukiwa bado mbichi, ili mstari ukatike bila kung'oa kitu.

Pembeni ya sakafu fundi alilaza kipande cha bati kilichopigwa msasa na praima ileile, ukubwa wa daftari la shule, kikapulizwa matabaka yote pamoja na bodi. Wazo hilo lilikuwa langu na ninajivunia. Gari lilikaa siku 7 bila kubeba chochote, hasara niliyoijua mapema, kisha tukakaa na kile kipande. Kalipa, kifaa cha kupimia unene, ilisoma, baada ya kutoa unene wa bati na praima, milimita 0.9. Nilichora kwa kisu mistari sita kwenda na sita kukatisha, nikabandika tepu ya kufungia maboksi, nikaisugua kwa ukucha na kuivuta ghafla; ikatoka bila hata kijiraba kimoja. Nilikunja bati, utando ukakunjika nalo. Petroli haikufanya kitu. Kipande hicho kiko ukutani dukani kwangu, na wateja wenye pikapu hukikunja na kukikunjua hadi kimeanza kuchoka chuma chenyewe.

Watu huniuliza kama ningefanya vilevile kwa gari jipya. Nisingefanya. Kwa gari ambalo halijaonja kutu, lenye rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri, ningelipa ile bei mara tatu na kuchukua poliyurea ya moto, kwa sharti kwamba wavue kila kinachovulika na nisimame pale wakati maji yanamwagwa sakafuni. Na kwa gari nililonunua mkononi mwa mtu likiwa na utando tayari, ningeingia chini ya bodi na tochi kabla ya kulipa, maana utando mpya kwenye gari kuukuu huwa umepakwa kwa sababu fulani. Mwenye kulipuliza gari lake ajue pia kwamba harudi nyuma. Hakuna thina inayouondoa utando huo, ni grenda tu, na siku ya kuuza kuna wanunuzi watakaomtilia shaka kama ninavyowatilia wengine.

Sasa ni miezi kumi. Sakafu iko salama, imepauka kidogo katikati, na baada ya matenga ya samaki tunamwaga ndoo mbili za maji baridi na kuacha mlango wa nyuma wazi. Jeraha liko moja. Dereva alipakia nondo za milimita 16 bila mkeka, ncha zikaburuzwa juu ya ukingo wa mlango wa nyuma, na utando ukachanika urefu wa kidole hadi kwenye praima. Fundi alikuja na msasa, thina na kichupa cha mabaki aliyokuwa ameyatunza bila kuyachanganya, kigumishi kikiwa kimefungwa barabara kwa sababu unyevu wa hewa peke yake hukigandisha. Alizungusha msasa kuzunguka mchaniko upana wa kiganja, akachanganya kijiko kimoja kwa vitatu kwenye kifuniko cha chupa, akapaka kwa brashi na kudonoa kwa sifongo ili chembe zirudi. Ukitazama kwa mbali huoni. Ukipitisha mkono unahisi kituta kidogo, na dereva huonyeshwa kituta hicho kila asubuhi anapopewa oda ya nondo.